Utengamao kwa mgonjwa wa viungo: mwongozo kamili kwa kaya za Kigoma

Mtu akianza kuumwa viungo, ushauri wa kwanza anaoupata kwa ndugu na majirani ni kwamba apumzike, asiguse maji baridi na asishike jembe mpaka apone. Ushauri huo una huruma ndani yake, lakini ukifuatwa kwa miezi kadhaa huacha madhara ambayo hakuna kidonge kinachoweza kuyaondoa, kwa sababu msuli usiotumika hunywea, kano hujikunja, na kiungo kilichokaa muda mrefu katika mkao mmoja huuzoea mkao huo hata kikashindwa kunyooka. Magonjwa mengi ya viungo hayaponi kabisa, bali hutulizwa. Kwa hiyo anayesubiri apone ndipo aanze kujisogeza anasubiri siku ambayo huenda isifike, ilhali anayeanza mapema na kwa kipimo ana nafasi kubwa ya kuendelea kujipikia, kujifulia na kutembea mwenyewe.

Maelezo yanayofuata ni ya utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya kazi zake, na ni kwa ajili ya mgonjwa na wale anaoishi nao, iwe ni Ujiji, Mwanga, Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo au Kakonko, mahali ambapo kazi ni jembe la mkono, mawese, dagaa na ndoo ya maji, na ambapo mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) anaweza kuwa mbali kwa safari ya siku nzima. Hayachukui nafasi ya mtaalamu huyo. Yanakusaidia kufanya kazi iliyobaki kati ya siku moja ya kliniki na nyingine, na kazi hiyo ndiyo kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: Jua unaumwa nini

Maumivu ya viungo yana sababu nyingi, na zoezi linalomfaa mmoja linaweza kumuumiza mwingine. Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, huanza mara nyingi kwenye vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili kwa pamoja, na alama yake kubwa ni kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, pengine hata saa kadhaa. Kulika kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ni jambo jingine: huja na umri, uzito au jeraha la zamani, hupenda magoti, nyonga na vidole, maumivu huongezeka kadiri siku inavyokwenda, na kukakamaa kwa asubuhi hupita haraka. Jongo huvamia ghafla, mara nyingi usiku na kwenye kidole gumba cha mguu, kiungo kikawa chekundu na cha moto hata shuka haivumiliki. Kijana anayeumwa mgongo wa chini kwa miezi mingi, anayeamshwa na maumivu usiku wa manane na kupata nafuu anapotembea badala ya anapolala, anaweza kuwa na uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Huyo mara nyingi huchelewa kutambuliwa, kwa kuwa kila mtu humwambia kuwa ni mizigo tu.

Yapo pia maradhi yanayojifanya ugonjwa wa kawaida wa viungo. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye nyonga, goti au uti wa mgongo, na kiungo kimoja kilichovimba kwa wiki nyingi bila sababu kinastahili kuchunguzwa kwa jicho hilo. Mwenye selimundu (sikoseli) anayechechemea anaweza kuwa na nyonga iliyokosa damu. Mtoto aliyeumwa koo, kisha baada ya wiki mbili au tatu akapata homa na maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, anaweza kuwa na homa ya baridi yabisi. Licha ya jina kufanana, huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na hatari yake kubwa iko kwenye moyo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji daktari na sindano za penisilini kwa mpangilio wa muda mrefu, wala si kusuguliwa dawa magotini.

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na ukifika uulize waziwazi kama unaweza kuonwa na kitengo cha fiziotherapia. Ukisubiri upelekwe huko bila kuuliza unaweza kurudi nyumbani na vidonge peke yake. Kesi ngumu hupelekwa mbele zaidi, kama vile Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Hatua ya pili: Dawa iwe imekaa sawa kabla ya mazoezi

Mazoezi hayazimi uvimbe unaotokana na kinga ya mwili. Mtu mwenye baridi yabisi isiyotibiwa anaweza kufanya mazoezi kwa bidii zote, na bado viungo vikaendelea kulika. Dawa inayotumika zaidi kuutuliza ugonjwa huu ni methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Chagueni siku moja isiyosahaulika, tuseme Ijumaa au siku ya gulio, muiandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani, na mtu wa pili nyumbani aijue. Anayeitumia hupewa pia asidi ya foliki (aina ya vitamini), hupimwa damu na ini mara kwa mara, huacha pombe, na mwanamke haruhusiwi kushika mimba akiwa anaitumia. Jambo hilo huzungumzwa na daktari mapema, wala si baada ya mimba kuingia.

Kuna jambo ambalo sitalipitia kimyakimya. Mitaani huuzwa sindano za viungo na unga wa mitishamba unaomwinua mgonjwa kitandani kwa siku mbili, naye husifu hadi kijiji cha jirani. Nafuu ya ghafla namna hiyo mara nyingi ni kazi ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, iliyofichwa au iliyochomwa bila kipimo. Ikiendelea kutumika kiholela, uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, na maambukizi hujificha hadi yawe makubwa. Steroidi zenyewe ni dawa halali zikitolewa na daktari kwa dozi na muda maalumu, na aliyezitumia kwa wiki kadhaa hatakiwi kuziacha kwa siku moja, bali hushushwa taratibu. Diklofenaki na ibuprofeni nazo, ambazo wengi hununua kama pipi, huchubua tumbo na kuchosha figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu.

Kama daktari amekupa dawa ya maumivu, panga mazoezi yako saa moja hivi baada ya kuimeza, si alfajiri kabla viungo havijalegea.

Hatua ya tatu: Pima ulipo, andika

Chukua daftari la shule. Kabla hujaanza zoezi lolote, andika mambo machache: ni dakika ngapi hupita tangu uamke hadi viungo vilegee, maumivu yako ni mangapi kati ya sifuri na kumi, unaweza kukunja ngumi hadi ncha za vidole ziguse kiganja, au zinaishia wapi, na ndani ya sekunde 30 unaweza kuinuka na kuketi mara ngapi kwenye kiti cha mbao cha kawaida, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kipimo hicho cha mwisho hutumika hospitalini, na nyumbani kinahitaji kiti kilichoegemezwa ukutani na simu yenye saa.

Kisha andika kazi moja, na iwe kazi halisi, unayotaka uiweze tena. Usiandike "nataka nipate nguvu". Andika "nataka kusonga ugali wa watu wanne bila kumwita mtu", au "nataka kutembea hadi msikitini na kurudi", au "nataka kuchuchumaa na kuinuka". Mtaalamu akiliona hilo kwenye daftari lako anajua aanzie wapi, nawe ukirudia vipimo kila baada ya wiki nne unajua kama unasonga au umesimama.

Hatua ya nne: Mazoezi, kwa kufuata hali ya ugonjwa

Siku ambazo ugonjwa umechachamaa, yaani viungo vimevimba, vina moto na usingizi haupatikani, mazoezi hayaachwi kabisa bali hupunguzwa hadi kiini chake. Kila kiungo kinachouma kipelekwe taratibu hadi pale kinapoweza kufika, mara tatu hadi tano, asubuhi na jioni, bila kulazimisha na bila mtu mwingine kukivuta. Misuli iendelee kukazwa pasipo kusogeza kiungo: ukiwa umelala chali na mguu umenyooka, bonyeza goti kuelekea kitandani ili msuli wa mbele wa paja ukaze, shikilia kwa sekunde tano, achia, urudie mara kumi. Kiungo chenye moto hufaidika na ubaridi. Barafu inayouzwa mwaloni kwa ajili ya samaki inatosha kabisa, mradi ifungwe kwenye khanga na isizidi dakika 15, wala isiwekwe mahali penye ganzi. Kiungo kilichokakamaa bila moto hupenda joto, na hapo beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi ni tiba nzuri kwa mikono. Jongo ni kando kidogo: wakati wa shambulio lenyewe kiungo hicho kipumzishwe na kiinuliwe, na mazoezi yasubiri hadi kitulie.

Kosa linalofanywa kwa upendo katika nyumba nyingi ni kumwekea mgonjwa mto chini ya magoti ili alale vizuri. Analala vizuri kweli, lakini baada ya wiki chache magoti na nyonga hukataa kunyooka, na kutembea kwa magoti yaliyokunjwa kunachosha mara dufu. Mto uondolewe. Mgonjwa anayeweza alale kifudifudi kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, ili nyonga zipate kunyooka. Kwa kijana mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo mlalo huu ni wa lazima kabisa, pamoja na kusimama akiegemeza mgongo, makalio na visigino ukutani, na kuvuta pumzi ndefu hadi mbavu zitanuke, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuukaza pia ukuta wa kifua.

Siku za utulivu ndizo za kujenga nguvu, na hapa wengi hukosea kwa kufanya kidogo mno. Kuinuka na kuketi kitini ni zoezi bora la magoti na nyonga. Anza na mara tano, fika hadi mara 8 au 12, pumzika, urudie tena, angalau siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Kiti kikiwa kirefu zoezi huwa jepesi, kwa hiyo anza na kilichoongezwa kimo kwa mto mgumu, uupunguze kadiri nguvu zinavyorudi. Simama ukishika meza na uinue visigino. Lala chali, kunja goti moja, nyoosha mguu wa pili na uuinue kiasi cha urefu wa shubiri moja, shikilia, shusha polepole. Kwa mabega, shika ufito kwa mikono yote miwili ukiwa umelala chali, uupeleke juu ya kichwa taratibu, mkono mzima ukiusaidia ule mgonjwa.

Mikono ishughulikiwe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu au mara tu baada ya kuitoa humo. Kunja ngumi laini, kisha fungua vidole kabisa. Gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kila kidole, kimoja baada ya kingine. Weka kiganja bapa juu ya meza na usogeze vidole kimoja kimoja kuelekea upande wa kidole gumba, kwa sababu baridi yabisi huvivuta kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Usiminye mpira mgumu. Zoezi hilo hupendwa na wengi, lakini mkono wenye baridi yabisi iliyo hai hulipa gharama yake kwa kuwa mminyo huo husukuma vidole upande uleule unaopotoka.

Kutembea kufikishwe dakika 150 kwa wiki kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo, na dakika hizo zinaweza kugawanywa katika vipande vya dakika kumi kumi. Mitaa ya Kigoma mjini ina vilima, kwa hiyo mwenye magoti yanayouma achague njia tambarare, akijua kwamba kuteremka huumiza goti zaidi ya kupanda. Baiskeli nayo ni nzuri, kwa sababu hutembeza goti bila kulibebesha uzito wote wa mwili. Nimeulizwa kuhusu kutembea ndani ya maji ya ziwa, kwa kuwa maji hubeba uzito. Kimsingi ni kweli, lakini kando ya Ziwa Tanganyika kuna maeneo yenye kichocho na mengine yenye mamba, hivyo sipendekezi.

Kanuni ya kujua kama umezidisha ni nyepesi: maumivu yanayoongezeka wakati wa zoezi na kutulia mapema si kitu, lakini yakibaki juu kuliko kawaida kwa zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, au kiungo kikivimba kesho yake, punguza idadi kwa nusu siku inayofuata. Punguza, usiache.

Hatua ya tano: Badilisha namna ya kufanya kazi

Zoezi la nusu saa haliwezi kushinda saa kumi za kazi inayofanywa vibaya. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopewa muda mdogo kuliko zote kliniki.

Tazama mkono wa mtu anayesonga ugali wa muhogo. Unga unapoanza kushikana, mwiko huwa mzito, vidole huubana kwa nguvu, kifundo cha mkono hupinda kuelekea kidole cha mwisho, na kila mzunguko husukuma vidole upande huo huo ambao baridi yabisi inavipeleka. Mgonjwa si lazima aache kusonga. Autumie mwiko wenye mpini mnene, uliozungushiwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli hadi ujae kiganja. Aushike kwa mikono yote miwili kama anayeshika mchi, gumba likielekea juu, ili nguvu itoke begani na kwenye kiwiko. Sufuria ishikwe na mtu au ibanwe kwenye mafiga ya chuma yasiyotikisika, na iwe juu ya benchi badala ya chini. Siku ambayo mikono imevimba, asonge mwingine, mgonjwa akate mboga akiwa ameketi. Mpira huohuo wa baiskeli ufungwe kwenye kisu, kwenye kijiko, na kwenye mpini wa jembe.

Maji ni suala la uzito. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na sisi huibeba kichwani. Kwa mtu mwenye baridi yabisi ya miaka mingi jambo hilo linaweza kuwa la hatari, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kulegeza mishipa inayoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo, na uzito ukiongezwa pingili zinaweza kubana neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Ndoo, sinia la dagaa, mkungu wa ndizi, mzigo wa kuni: vyote hivyo visibebwe kichwani na mgonjwa wa namna hiyo mpaka shingo ichunguzwe. Atumie madumu ya lita tano, moja kila mkono, au baiskeli, au toroli, au wajukuu. Ni vigumu kwa mama aliyezoea kubeba tangu utotoni kukubali hili mbele ya majirani, na ndiyo maana inafaa mume au mwana aliseme yeye, asiachiwe mgonjwa kujitetea.

Katika kufua, asikamue nguo kwa kusokota. Aizungushe kwenye nguzo au bomba na kuvuta ncha zote mbili kwa mikono iliyonyooka, au aitundike ikidondoka maji, kwani jua letu litaikausha. Chupa yenye kifuniko kigumu aifungue kwa kukandamiza kiganja kizima juu ya kitambaa chenye unyevu na kugeuza kwa bega. Mfuko auvike kwenye kiwiko, si kwenye vidole.

Wanaoanika dagaa hukaa wameinama kwa muda mrefu wakitandaza na kugeuza samaki mchangani. Vichanja vilivyoinuliwa hadi usawa wa kiuno, ambavyo hupendekezwa kwa ajili ya usafi wa dagaa, ni dawa ya mgongo na magoti pia, na kikundi kinachojenga vichanja kimfikirie mwenzao mgonjwa wakati wa kukata nguzo. Wa kukamua mawese atafute mashine ya kuzungusha yenye mpini mrefu, kwa sababu mpini mrefu hupunguza nguvu inayotakiwa. Wa jembe arefushe mpini ili asiiname sana, alime alfajiri kwa vipande vya dakika 20, na kati ya vipande akae au abadilishe kazi kabla maumivu hayajamlazimisha. Kugawa kazi namna hii hakupunguzi eka anazolima kama anavyodhani, kwa kuwa anayejilazimisha siku moja hulala siku tatu.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowafedhehesha wazee wengi kimyakimya. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye miguu minne imara, kinachowekwa juu ya tundu. Nakipendelea kuliko kile cha plastiki kilichokatwa, ambacho miguu yake hutanuka na kumwangusha mtu. Vishikio viwili vya mti vikachimbiwe kila upande. Kuhusu ibada, Mwislamu asiyeweza kusujudu kwa maumivu anaruhusiwa kusali ameketi, na mwenye shaka amuulize imamu wake. Nimeona wazee wakiharibu magoti kwa aibu ya kuomba kiti.

Hatua ya sita: Vifaa

Fimbo hushikwa kwa mkono ulio kinyume na mguu unaouma, na hutangulia pamoja na mguu huo. Watu wengi hufanya kinyume cha hayo. Urefu wake hupimwa ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia: ncha ya juu ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini ivalishwe mpira. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Mwenye vifundo vya mikono vinavyouma aombe gongo linaloegemeza mkono kuanzia kiwiko, kwa kuwa fimbo ya kawaida itahamishia ugonjwa mkononi.

Banzi la mkono, linaloshikilia kifundo kikiwa kimeinuka kidogo kwa nyuma, huvaliwa usiku au wakati wa kazi nzito ugonjwa unapochachamaa. Livuliwe mchana ili mazoezi yafanyike, vinginevyo mkono utanywea ndani yake. Viatu viwe na soli nene, laini, nafasi ya vidole na mkanda nyuma ya kisigino, kwani kandambili humlazimu mtu kukunja vidole ili zisichomoke. Kitanda na kiti viongezwe kimo kwa vipande vya mbao chini ya miguu, ili makalio yawe juu kidogo ya magoti mtu anapoketi.

Hatua ya saba: Chakula na uzito

Hapa sitakaa sana. Mwenye goti linalolika akipunguza kilo moja ya mwili, goti huondolewa mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua, na hilo ni jambo kubwa. Dagaa na migebuka ni chakula kizuri kwa wengi wa wagonjwa hawa, isipokuwa mwenye jongo, ambaye hana budi kupunguza dagaa, maini na figo, kuacha pombe hasa bia, na kunywa maji ya kutosha. Mwenye lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, ajikinge na jua kwa mikono mirefu na kofia pana, kwa sababu jua linaweza kuuamsha ugonjwa.

Hatua ya nane: Mambo yasiyosubiri kliniki

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto, kisichoguswa, pamoja na homa, ni dharura. Huenda kuna usaha ndani, na kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache, kwa hiyo nenda hospitali siku hiyo hiyo wala usikikande. Hali kadhalika kama unahisi mshtuko kama wa umeme ukishuka mgongoni au mikononi unapoinamisha shingo, kama miguu inapoteza nguvu, au kama umeshindwa kuzuia mkojo au choo na sehemu za siri zimekufa ganzi. Anayetumia methotreksati akipata homa, vidonda mdomoni, kikohozi kikavu kinachombana pumzi au macho ya manjano, asimeze dozi inayofuata kabla ya kumwona daktari. Kinyesi cheusi kwa anayetumia dawa za maumivu huenda ni damu kutoka tumboni. Mwenye baridi yabisi, hata bila dalili hizo, asivutwe shingo wala kukandwa shingoni na mtu yeyote, awe fundi wa mifupa wa kijijini au kinyozi.

Hatua ya tisa: Safari ya kliniki

Beba daftari lako, vidonge vyote unavyotumia pamoja na dawa za asili bila kuzificha, na kadi ya bima kama unayo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aulize ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kuhusu msamaha wa malipo. Mtoto mwenye ugonjwa wa viungo aende na barua kwa mwalimu mkuu, ili aruhusiwe kusimama darasani kila baada ya muda, kuketi kitini badala ya sakafuni, na kucheza na wenzake anavyoweza. Mwambie mtaalamu ile kazi moja uliyoiandika, mwonyeshe jinsi unavyoifanya kwa mikono yako hasa, na umwombe akuone ukifanya mazoezi, si kukuelezea tu. Aliyekusindikiza naye ajifunze, kwa kuwa ndiye atakayekukumbusha.

Kwa wanaotoka Kibondo au Kakonko, kukaa ndani ya basi kwa saa nyingi hukakamaza viungo kuliko siku nzima ya kazi. Omba kiti cha kando ya njia, kandamiza visigino sakafuni na kaza mapaja mara kumi kila nusu saa, shuka kila kituo utembee hata dakika mbili, na ukifika usiingie moja kwa moja kwenye foleni ya kuketi. Zunguka kwanza uwanja wa hospitali taratibu hadi magoti yalegee, ili vipimo vitakavyochukuliwa vionyeshe ugonjwa wako na si uchovu wa basi.